Taarifa ya Moto wa Lyasonga

Kijiji cha Azimio, Njombe
11 Januari 2024

Mzee Elias Mchomvu,

Shikamoo Baba.

Jina langu ni Philomena Nyagawa, mwalimu mstaafu hapa Azimio. Huenda hunikumbuki. Mwaka 1974, ulipokuwa bwana shamba wa tarafa yetu, mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa niliyetapika ndani ya lori la Operesheni Vijiji. Nilikuwa natetemeka kwa baridi. Ulivua koti lako la kaki ukanifunika. Nalikumbuka koti lile mpaka leo, lilinukia tumbaku na dawa ya mbegu.

Namba ya binti yako nimeipata kwa mchungaji wetu, ambaye ndugu yake anasali nanyi huko Toronto. Naandika kwa mkono kwa kuwa vidole vyangu na simu havielewani. Mpwa wangu atazipiga picha karatasi hizi azitume.

Shida yangu ni hii. Kilima cha Lyasonga, tulikokuwa tukiishi kabla ya kuhamishwa, kimebaki mahame hadi leo. Sasa imekuja kampuni inayotaka kilima chote ipande parachichi. Kijiji kimekubali, lakini kwa sharti: familia zilizoondolewa kwa nguvu wakati wa Operesheni zirudishiwe kwanza sehemu yao, makaburi yao yakiwemo. Waliohama wenyewe hawana dai. Mwenyekiti ametoa faili la zamani. Ndani yake kuna taarifa ya ukurasa mmoja inayosema ukoo wa Nyagawa, kaya sita, ulihama kwa hiari tarehe 9 Novemba 1974, baada ya nyumba kuungua kwa uzembe wa mama aliyeacha moto jikoni. Sahihi imeliwa na mchwa.

Mama huyo ni mama yangu, Yudita. Yu hai, ana miaka themanini na sita.

Habari hii nimekua nayo, Baba. Akiba yote ya mahindi iliungulia kule. Huku tulikoletwa tulipimiwa ekari moja moja na shamba la bega kwa bega, la kaya zote kulima sambamba, kule mbugani, mvua ikaja, mbegu zikaozea majini. Mwaka uliofuata tulikula unga wa njano wa msaada, tuliouita wa Yanga, tena siku ambayo lori lilifika. Wadogo zangu wawili, Anania na kitoto Tulizo, hawakuuvuka mwaka ule. Siku ya kumzika Tulizo, shangazi yangu alisimama mbele ya watu akamwambia mama, "Umewaua kwa moto wako." Baba yangu hakumpiga wala hakumtukana. Alihamishia kitanda chake chumba kingine, na baada ya miaka miwili akaoa mke mwingine.

Wewe ulikuwepo siku ile. Naomba uandike maneno machache kwamba tulichukuliwa kwa lori la serikali, na mgambo walikuwepo. Mkutano wa kijiji ni tarehe 10 Februari. Hakuna mwingine aliye hai wa kutusemea.

Mwanao,
Mwalimu Philomena Nyagawa


Rexdale, Toronto
20 Januari 2024

Mwanangu Mwalimu Philomena,

Marahaba. Barua yako binti yangu Josephine alinisomea jikoni akiwa bado amevaa sare za kazi, maana anafanya kazi ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Kusikia jina la Lyasonga kulinifanya niketi.

Mimi ni mzima. Miaka sabini na mitano sasa, na magoti yananiadhibu kila theluji inapoanguka. Jumapili ninatoka kwenda kanisani, na siku nyingine napanda basi la Kipling kwenda na kurudi, ili nione watu. Kiangazi nina kijibustani chini ya ghorofa letu, ninapanda maharage na sukuma wiki pamoja na mama mmoja Mkenya, Mumbi. Ananiita Bwana Shamba kwa utani, hajui kuwa ndiyo kazi niliyofanya.

Mwanangu, mambo ya zamani hayo ni marefu. Operesheni ilikuwa na nia njema. Watu walitawanyika milimani, hawana shule, hawana zahanati. Wewe mwenyewe umekuwa mwalimu, na ualimu ule uliupata Azimio, si Lyasonga. Makosa yalikuwepo, siwezi kukataa, lakini katika tarafa yetu watu wengi walielimishwa wakakubali. Taarifa za wakati ule ziliandikwa na watu waaminifu, sina sababu ya kuzipinga leo.

Kuhusu moto, nakumbuka upepo wa siku ile. Ulivuma kutoka bondeni. Moto ulishika kihenge kwanza, mahindi yakawa yanapasuka kama risasi, kisha ukarukia paa la nyumba kubwa. Hakuna ambaye angeweza kuuzima. Mwambie mama asijilaumu sana. Uzembe ni wa kibinadamu, na Mungu alishasamehe.

Nafurahi kwamba unalikumbuka koti. Mara nyingi nimejiuliza yule mtoto aliishia wapi.

Wako,
Elias Mchomvu


Azimio
18 Februari 2024

Mzee Mchomvu,

Shikamoo.

Barua yako niliifurahia mno kabla sijaielewa. Niliona "koti" nikaona jina langu, nikaipeleka kwa mwenyekiti kabla sijaisoma mara ya pili. Kosa hilo ni langu.

Aliisoma mwenyewe mkutanoni. Alipofika "watu wengi walielimishwa wakakubali," akanyanyua kichwa akatutazama. Alipofika "uzembe ni wa kibinadamu," wapo waliocheka. Mama alikuwa ameketi mbele kwenye kiti cha plastiki nilichombebea kutoka nyumbani. Akasimama. Sijawahi kumwona mama yangu akisimama mbele ya wanaume.

Akasema, "Nilimwaga maji. Asubuhi ile kabla ya kutoka nilimwaga maji jikoni, mafiga yakalia shaaa."

Mwenyekiti akamwambia, "Bibi, hata bwana shamba wenu anasema."

"Nilimwaga maji," akasema tena, akaketi.

Ukoo wetu umeondolewa kwenye orodha. Tumepewa hadi mwisho wa Aprili kuleta ushahidi mwingine, na wote wanajua kwamba hatuna. Tangu siku ile mama anakula peke yake chumbani. Nikimpelekea chakula ananiuliza, "Alisema kweli kwamba nilifanya uzembe? Yule kijana mpole?"

Baba, nimefundisha hesabu na sayansi miaka thelathini na minne. Usiku nilirudia barua yako polepole kama ninayesahihisha daftari. Jiko letu lilikuwa ndani, nyuma ya nyumba kubwa. Kihenge kilikuwa nje, mbele, hatua arobaini kutoka mlangoni, upande wa bondeni. Wewe umeandika kwamba moto ulishika kihenge kwanza, kisha nyumba.

Moto wa jikoni unaanzaje na kihenge kilicho nje?

Na jingine. Sisi sote tulikuwa tumeshashuka barabarani kwenye lori, nusu saa kwa miguu. Kutoka kule tuliona moshi tu. Wewe uliyasikiaje mahindi yakipasuka?

Sikuandikii kwa hasira. Ninauliza, na ninasubiri.

Philomena Nyagawa


Rexdale
25 Februari 2024

Mama Mwalimu,

Shikamoo. Mimi ni Josephine, binti wa Mzee Mchomvu. Samahani kwa Kiswahili changu, nimekaa huku muda mrefu na hata mwanangu ninamsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza.

Barua yako ya pili nimeisoma mimi. Baba sijampa. Nakuomba kwa heshima zote usimwandikie tena.

Baba ni mgonjwa wa moyo. Tangu ile barua ya kwanza hali chakula vizuri, anasimama dirishani saa nzima anatazama magari. Lakini sitakuficha, si ugonjwa peke yake unaonitia hofu. Nilipomleta hapa tulijaza fomu nyingi, mimi ndiye niliyezijaza. Kulikuwa na swali kama mtu amewahi kushiriki kuwatendea raia ubaya akiwa mtumishi wa serikali. Nilimuuliza, akasema hapana, nikaandika hapana. Sijui barua kama yako inaweza kutufikisha wapi. Ana miaka sabini na mitano. Akirudishwa, atarudi kwa nani? Mama yangu alishafariki, nyumba ya Same tuliuza.

Wewe unatafuta shamba. Mimi ninamlinda baba yangu. Naamini unanielewa kwa sababu na wewe una mzazi.

Josephine


Azimio
1 Machi 2024

Mdogo wangu Josephine,

Marahaba. Pole na kazi, pole na kuuguza.

Nimekuelewa, na sitamwandikia tena mzee bila ruhusa yako. Sitaki arudishwe popote, na wala sikujua habari za fomu. Lakini usiseme ninatafuta shamba. Miguu yangu haipandi tena kilima kile.

Mama yangu ameitwa muuaji wa watoto wake kwa miaka hamsini. Ninachokuomba ni kimoja. Muulize baba yako jambo moja tu, ukiwa umeketi naye: nani aliwasha? Akikujibu, jibu hilo lihifadhi wewe, si lazima uniletee. Ila usikubali azikwe nalo.

Dada yako,
Philomena


Rexdale
17 Machi 2024

Mwalimu Philomena,

Josephine alikaa na barua zako zote mbili kwa wiki mbili. Juzi alirudi kutoka zamu asubuhi, hakuvua hata koti, akaweka simu mezani mbele yangu, karibu na uji.

"Baba, huyu mama anasema kweli?"

Nikasema nilikuwa mtumishi tu.

"Sijauliza hilo. Nani aliwasha?"

Nikamwambia, "Mimi."

Halafu akasema, "Ulinichapa nikiwa darasa la pili kwa kudanganya kwamba sikula sukari." Akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Sijawahi kuadhibiwa hivyo maishani mwangu.

Sasa nakuandikia mwenyewe, kwa mkono wangu, na nitasema kama ilivyokuwa.

Mimi ndiye niliyepima udongo wa Azimio. Niliandika kwamba mbuga ile hushika maji na haitalisha kaya mia tatu, na kwamba watu wa Lyasonga walikuwa na mahindi mazuri kwenye matuta waliyochimba wenyewe, waachwe angalau wavune. Mkubwa wangu akaniita ofisini. Akaisoma karatasi yangu, akauliza, "Kijana, unapinga Chama?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi Lyasonga utaimaliza wewe. Mgeni anakuja kukagua tarehe kumi." Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na sikutaka kuitwa adui wa Ujamaa. Hiyo ndiyo sababu nzima. Nimetafuta nyingine kubwa zaidi kwa miaka mingi, sijaipata.

Babu yako alikuwa amekataa mara mbili. Safari ya tatu tulikuja na mgambo wanane. Baba yako akakubali kushuka na watoto, akaniambia, "Bwana Shamba, tutakuja kuchukua mahindi keshokutwa." Nilijua maana yake. Mtu mwenye kihenge mlimani atarudi mlimani. Mlipokwisha kushuka niliwaambia mgambo wachome. Wakatazamana. Mmoja akasema kwao kuchoma chakula ni mwiko. Basi nikang'oa nyasi kwenye ukingo wa paa, nikaziwasha kwa kiberiti changu, nikaanza na kihenge. Nyumba sikukusudia, ila sikuizuia. Nilisimama pale nikasikiliza mahindi.

Niliposhuka barabarani watu walikuwa wanalia wakiuonyesha moshi. Shangazi yako alimgeukia mama yako palepale: "Uliuzima moto?" Mama yako hakujibu upesi, alikuwa ananyonyesha. Nami nilikuwa hatua tatu kutoka kwao. Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo, nikafungua geti la lori.

Koti langu lilinuka moshi, Mwalimu. Niliogopa mama yako angelinusa akinipita. Ndiyo, ulikuwa unatetemeka, na ndiyo, nilikuonea huruma. Lakini sijui ni lipi lilinivua koti lile kwanza, huruma au woga. Tumbaku na dawa ya mbegu ulizinusa wewe kwa wema wako.

Wiki iliyofuata waliuliza kwa nini kuna nyumba zimechomwa wakati amri ya juu ilikuwa watu washawishiwe. Nikaandika taarifa ile uliyoisoma, na sahihi iliyoliwa na mchwa ni yangu. Nikapandishwa cheo, nikahamia wilayani. Mwaka 1975 nilikuja Azimio na lori la unga wa njano. Mama yako alikuwa kwenye foleni, mgongoni hana mtoto. Aliponiona akapiga goti akanishukuru. Nikamjazia kibaba, nikamwambia, "Pole mama." Hilo ndilo ninaloliona ninaposimama dirishani.

Jana Josephine alinipeleka kwa wakili mmoja wa mtaa wa Don Mills, Bwana Jamaludin, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Baba yake alinyang'anywa mashamba ya mkonge enzi zile zile. Nilidhani atanifukuza. Alisoma maelezo yangu hadi mwisho, akavua miwani.

"Sisi walituletea barua," akasema. "Baba aliikunja akaiweka mfukoni, tukapanda ndege. Hawa hata barua hawakuandikiwa."

Kisha akanionya kwamba karatasi hii ikisafiri siwezi kuirudisha, na kwamba hawezi kuniahidi kuwa haitanifuata huku. Nikamtazama Josephine. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema, "Weka sahihi, Baba. Nitabaki na wewe popote itakapotufikisha."

Nimeapa mbele ya wakili na kuweka sahihi. Nakala halisi yenye muhuri inakuja kwa ndege. Ipeleke unakotaka. Mwambie mwenyekiti kwamba bwana shamba wao amesema uongo mara mbili, mara ya kwanza 1974 na mara ya pili Januari mwaka huu.

Siombi msamaha kwa mama yako. Nikiuomba, nitakuwa nimemtwisha tena kazi nyingine.

Elias Mchomvu


Azimio
30 Aprili 2024

Mzee Mchomvu,

Karatasi ilifika tarehe 9. Sikutaka kuisoma mimi wala kumpa mwenyekiti, aliisoma mtendaji wa kijiji. Safari hii hakuna aliyecheka. Alipofika mahali pa mahindi, mzee mmoja wa ukoo mwingine akatoka nje akaegemea ukuta. Baadaye aliniambia kwamba na wao waliambiwa kihenge chao kilipigwa na radi.

Ukoo wa Nyagawa umerudishwa kwenye orodha, na pamoja nasi koo nyingine mbili ambazo taarifa zao zilikuwa na mwandiko ule ule. Tumepata eneo la juu lenye makaburi. Bonde lenye chemchemi limekwenda kwa kampuni, na bila maji kule juu sijui nani wa ukoo wetu atakayerudi kulima. Mashine zimeshaanza kusafisha. Nakwambia ili usidhani kila kitu kimenyooka.

Wala usidhani wamesikia wote waliostahili kusikia. Shangazi alikufa mwaka 2009 akiwa haongei na mama. Baba alimtangulia. Yeye ndiye ambaye mama angependa asikie, na hayupo. Nilipokuwa nasikiliza karatasi yako ikisomwa nilikuchukia, Mzee. Nilikuwa nimekupenda miaka hamsini kwa sababu ya koti. Sijui nifanye nini na mapenzi yale, maana hayajaondoka yote, na hilo linanitia aibu mbele ya mama.

Kwa mama nilisoma mwenyewe, chumbani kwake, mlango umefungwa. Nilisoma yote, pamoja na habari ya geti la lori. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Akauliza, "Ana watoto?"

"Ana binti."

"Yu hai?"

"Yu hai, mama. Ndiye anayemtunza."

Nikamuuliza nikujibu nini.

"Mwambie nimesikia."

"Hilo tu, mama?"

"Hilo tu."

Basi nakufikishia kama alivyosema, bila kuongeza. Josephine msalimie sana. Mwambie sijapeleka karatasi ile kokote zaidi ya kijijini, na sitapeleka.

Siku iliyofuata baada ya kumsomea, mama aliamka mapema akaniambia nimpeleke makaburini. Si ya Lyasonga, haya ya huku Azimio, kando ya shamba la zamani la bega kwa bega. Ni mbali kwa miguu yake, tulipumzika mara nne. Vile vikaburi viwili havina msalaba tena, ila anavijua. Alikataa nimshike. Akapiga magoti mwenyewe, akaondoa majani makavu kwa mkono juu ya kimoja, kisha juu ya kingine. Akawaita kwa majina, Anania, Tulizo, kama mtu anayeamsha watoto waende shule.

Akawaambia, "Si mimi, wanangu. Si mimi."

Philomena, binti Yudita